Ushanga Ndani ya Maziwa ya Mgando

Mwaka 1949 Adow Mahat alikuwa msaidizi katika ofisi ya mifugo Garissa, kijana wa miaka ishirini na minne aliyependa kupima kila kitu. Shangazi yake, Arbia, aliuza maziwa ya mgando sokoni pamoja na wanawake wengine waliokuja kwa punda, mwendo wa saa nne.

Asubuhi moja mkaguzi wa soko alitumbukiza kijiti katika chombo cha Saynab, msichana jirani wa Arbia, akaona maziwa yanachuruzika. Akasema yametiwa maji, akayamwaga mchangani. Kesho yake yakamwagwa ya Arbia.

"Eddo," Arbia alimwambia Adow, kwa maana shangazi na mpwa wa Kisomali huitana jina hilohilo, "nyumbani yalikuwa mazito, kijiko kinasimama. Hapa yamekuwa mepesi. Wallahi sikutia hata tone."

Adow alimwamini, lakini alijua mkaguzi angetaka zaidi ya kiapo. Akaazima ofisini silinda ya kioo ya kupimia dawa, akaichemsha mara tatu, akaijaza maziwa ya mgando. Nia yake ilikuwa kudondosha ushanga, kisha kutazama saa ya mfukoni ajue unachukua muda gani kufika chini. Maziwa mazito yangeuchelewesha.

"Na utauonaje?" akauliza Saynab. "Maziwa si maji."

Hilo Adow hakuwa amelifikiria. Arbia akaanza kucheka, na Adow naye akacheka mpaka akaketi chini. Saynab akakata uzi wa mkufu wake, akachomoa ushanga wa kioo, akatega sikio kwenye kitako cha silinda.

"Dondosha," akasema. "Nitausikia ukigonga."

Walifanya hivyo siku tisa, chini ya turubai nyuma ya ofisi. Maziwa yaliyotulia: sekunde kumi na nne. Yaliyotikiswa kama yanavyotikiswa mgongoni mwa punda: nne. Adow alidhani amekosea, akarudia. Kisha maziwa hayo ya sekunde nne yakasahauliwa wote walipokwenda kula, na waliporudi yakatoa tisa. Yalikuwa yakitulia na kurudia uzito wake. Yaliyotiwa maji yalitoa mbili, na hata yalipoachwa mchana kutwa yalibaki mbili.

"Basi yetu yamechoka kwa safari tu," akasema Saynab.

Adow akayaandika maneno hayo daftarini kama yalivyo.

Siku ya soko alimwita mkaguzi. "Bwana, chagua chombo mwenyewe, na sikio liwe lako."

Mkaguzi alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kukana alichokisikia. Alipiga magoti mchangani, kofia mkononi, akasikiliza. Sekunde nne. Wakayaacha maziwa kivulini mpaka adhuhuri, akasikiliza tena. Tisa. Akaomba arudie, kisha akarudia mara ya tatu bila kuomba, na wanawake wakajifunika midomo kwa shungi wasimcheke waziwazi.

"Nimewakosea," akasema alipoinuka. Tangu siku hiyo maziwa yalipumzishwa kivulini kwanza, ndipo yakakaguliwa.

Daktari wa mifugo, mkuu wa Adow ofisini, alilipeleka lile daftari kwenye maabara moja ya Nairobi, na mwaka 1951 Adow akaitwa huko. Aliondoka akiwa amekwisha kumwoa Saynab. Alisoma, akapanda kutoka kuosha vyombo hadi kuongoza majaribio yake mwenyewe: jinsi samli inavyomiminika ikipoa, kwa nini uji huwa mzito ukiachwa, kiasi gani cha joto hulegeza asali. Usiku mwingine alirudi nyumbani akinukia samli, na Saynab alimtaka aeleze yote kabla hajavua viatu.

Mwaka 1957 alirudi Garissa na vipimajoto sita na swali jipya: kwa nini maziwa ya ngamia hayagandi kama ya ng'ombe. Arbia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Swali zuri," akasema. "Sasa kula."

Adow alikula sahani mbili za wali, akanawa, kisha wakatoka pamoja kwenda kukamua ngamia.