Picha Saba za Daftari la Papa Abdoul

"Picha. Picha. Picha," simu ilisema. Papa Abdoul akaiweka juu ya meza, akanigeuzia uso.

"Bénie, mutoto wangu, majina iko wapi?"

Mwaka 2002, mji wetu wa Kindu, Kongo, ulipozingirwa, huyu ndiye aliyeosha maiti katika mtaa wa Alunguli, Waislamu kwa Wakristo. Kukutwa na orodha ya wafu kwenye kizuizi cha askari kulitosha kukuua, kwa hiyo aliyahifadhi majina kichwani, kama alivyohifadhi sura za Kurani utotoni: kila alfajiri aliyarudia yote, tangu la kwanza. Vita vilipokwisha alimtajia karani, naye akayaandika katika daftari. Baadaye mzee akapofuka.

Sasa shirika letu lilikuwa linayaweka majina hayo kwenye mtandao. Na tuliyaweka vipi? Tulipiga picha kurasa saba za daftari, basi! Simu ya kipofu husoma maandishi kwa sauti. Kwenye picha haioni kitu.

"Alain," nilimwambia mkuu wangu, "tuyaandike upya, jina kwa jina."

"Wageni wanafika kesho kutwa kuuona ukurasa. Tena kipofu anatafuta nini ku internet? Kuangalia video?" Akacheka peke yake.

Mtu amewabeba wafu wetu zaidi ya miaka ishirini, halafu tumfungie nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe!

Niliyaandika yote, Alain akinuna. Nikagundua pia kwamba ukurasa wetu wa mtandao ulijitambulisha kuwa wa Kifaransa: sauti ya simu ilitamka jina la Kitenge kama mzungu mwenye tonge la bukari ya moto mdomoni. Nikaubadilisha kuwa wa Kiswahili. Kwa nini marehemu wetu waitwe kwa ulimi wa kuazima?

Kesho yake Papa Abdoul alirudi. Simu ikaanza kutaja, naye akiitikia kila jina kwa punje ya tasbihi. Ghafla akainua mkono.

"Simamisha! Kisha jina ya Gédéon haiko Mounira. Katikati kuko watu tisa."

"Pengine umesahau, papa," Alain alisema.

"Mimi njo nimesahau? Weye umeyasoma?"

Alain akatazama viatu vyake. Hakuna aliyeyasoma, hata mimi: nilinakili tu nilichokiona pichani. Wenye macho wote tulizisifu zile picha, kwamba ni nzuri!

Nikalifungua daftari. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Nilizibandua kwa wembe. Ndani wino ulikuwa umeyeyuka, doa la buluu juu mpaka chini.

"Tutangaze hivi hivi," Alain alisema. "Hao tisa tutaongeza siku ingine."

"Neno la siri ninalo mimi, Alain, na sibonyezi. Wageni wakute ukurasa mweupe, uwaelezee wewe."

Akafoka, akatoka, akapiga mlango. Papa Abdoul hata hakushtuka. Alianza tangu jina la kwanza, maana hajui kuanzia katikati, na mimi nikangoja vidole vikiwa juu ya vibonye. Alipomtaja Gédéon, mlango ulifunguka polepole. Alain aliingia, akakaa, akavuta karatasi.

"Bibiche," mzee alisema.

"Bibiche wa nani, papa?" Alain aliuliza.

"Aa! Leo njo unauliza," Papa Abdoul alisema. "Andika: Bibiche, dada yangu."