Kitanda cha Ng'ambo ya Daraja

Nilichaguliwa kwenda Singapuri kwa sababu ya mdomo wangu. Kamati ya harambee ilikuwa imekaa nyumbani kwangu Amukura, wanaume saba na daftari moja, wakijadili nani aende kumwona mwanangu Arnold hospitalini, nami niko jikoni nawapikia chai. Arnold alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo. Mapafu yake yaliugua huko baharini, meli ikamshusha Singapuri, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Kampuni yake ilikubali kulipa hospitali. Nauli ya jamaa wa kwenda kumwona, wakatuandikia, hiyo ni juu yenu.

"Mama Arnold ataenda kulia tu huko," shemeji yangu Egwang akasema. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. "Tutume mwanaume, mtu anajua kujieleza."

Nikatoka na sufuria mkononi. Miaka ishirini na sita nimenunua mayai Tororo, Uganda, nikiyavusha daraja la mpakani na kuyauza Malaba upande wetu. Serikali zimebadilika, maofisa wamebadilika, daraja lenyewe limejengewa ofisi mpya za vioo, na kwenye boda hiyo sijawahi kurudishwa hata siku moja.

"Mimi ndio najua boda," nikawaambia. "Nyinyi mnajua nini? Mkifika Kisumu tu mnapotea."

Egwang alicheka kicheko kisichokuwa na furaha. Ila Nasimiyu, mke wa Arnold, alisema mama ndiye aende, na wanaume wakakubali, maana mgonjwa ni mume wake. Nasimiyu ni Msamia wa Matayos, si Mteso kama sisi, wala si mwenye maneno mengi. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi, mtoto wao mgongoni.

"Mama, ukimpata bado yuko, umshike tu," aliniambia. "Asife na watu hajui."

Nikamwahidi. Hilo ndilo lililonipeleka Singapuri, na nalisema mapema kwa sababu baadaye wako waliosema nilikwenda kutalii.

Mji wenyewe ni msafi hadi unaudhi. Nilitembea mtaa mzima na ganda la ndizi mkononi, naogopa kulitupa. Dola yao moja ni kama shilingi mia ya kwetu, kwa hivyo hesabu haikunisumbua. Kilichonisumbua ni jibu. Kamati ilinipa dola mia tatu za siku nane, na kitanda cha bei ya chini kabisa nilichokipata karibu na hospitali kilikuwa dola hamsini na tano. Nacho si kitanda cha maana. Ni rafu ukutani, na pazia badala ya mlango, na juu yako kijana wa Kizungu anakoroma. Nililala humo siku ya kwanza. Siku ya pili nikajaribu kulala kwenye viti vya hospitali. Askari akaniamsha kwa adabu nyingi, akanitoa nje kwa adabu hiyo hiyo.

Arnold hakunitambua siku hizo mbili. Alikuwa na bomba mdomoni, mikono imevimba. Nilimshika kama nilivyoagizwa, nikamwongelesha Kiteso, lugha yetu sisi wawili tangu baba yake afariki. Nilimwambia ng'ombe wa mjomba wake kule Moding amezaa mapacha. Nilimwambia Egwang bado ni Egwang. Manesi walipita wakatabasamu, hawakujua nasema nini.

Aliyeniokoa na bei za mji ule ni mama mmoja aliyekuwa akifagia wodi. Aliniona nakula mkate mkavu ngazini. Akaniuliza nalala wapi, nikamwonyesha ngazi. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Yeye, akasema, ni mtu wa Malaysia. Kazi anafanya hapa, kulala analala kwao Johor, ng'ambo ya daraja, ambako kila kitu ni rahisi. Maelfu wanafanya hivyo kila siku. Ana godoro la ziada, dola saba.

Jamani, nilifurahi! Hayo si mambo ya Malaba kabisa? Walimu wangapi wanafundisha upande wetu na nyumba wamepanga Uganda kwa sababu kodi iko chini? Hata karani wa benki moja kule Busia analala ng'ambo, asubuhi utamwona anavuka na tai shingoni. Nikajiona nimefika nyumbani. Nikamwazia Egwang kwenye rafu ile ya dola hamsini na tano, asijue la kufanya, nikacheka peke yangu kwenye basi.

Tulivuka jioni hiyo na kurudi alfajiri, na jioni ya pili na alfajiri yake. Kila tunapokaribia dirisha la uhamiaji mama yule alichukua pasipoti yangu, akabonyeza simu yake kwa muda, akanirudishia. Mimi nilidhani anachati na watoto wake, ameishika pasipoti isinipotee kwenye msongamano. Ofisa ananitazama, anatazama kioo cha kompyuta yake, napita. Alfajiri ya pili nilimsalimia ofisa, naye akaitikia. Nikaona basi, wameshanizoea. Kwetu Malaba uso ukishazoeleka ndio pasipoti yenyewe. Mimi hunyanyua trei moja tu ya mayai juu waione, napita.

Alhamisi mchana Arnold alifungua macho. Nilipomwita aligeuza shingo, akanitazama, machozi yakamtoka kwenye kona ya jicho. Akanibana kidole. Daktari, msichana mdogo mwenye miwani, aliniambia kifua kimeanza kusafika, kesho saa mbili asubuhi watamtoa bomba.

"Uwepo mapema," alisema. "Akianza kuongea, vizuri akuone wewe."

Nikaomba kulala kwenye kiti kando yake. Haikuwezekana, wageni wote hutoka saa mbili usiku. Nikasimama nje ya mlango wa hospitali. Ile nyumba ya rafu ilikuwa pale pale ng'ambo ya barabara, taa yake naiona. Pochini nilikuwa bado na zaidi ya dola mia mbili. Nilikuwa na pesa za kulala pale, naomba hilo lieleweke. Lakini nilimwona Egwang na daftari lake, akisoma mbele ya watu kwamba Mama Arnold amelala kitanda cha elfu tano na mia tano. Nilitaka nirudi na chenji nimwekee mezani. Kwa hivyo nikamfuata mama wa ufagio kituoni.

"Kesho mimi sina zamu," aliniambia tukiwa kwenye basi. "Utaweza kuvuka peke yako?"

Nikamwambia mimi ndio najua boda.

Niliamka saa kumi alfajiri, kabla ya saa kumi na moja nikawa kwenye foleni. Watu kama siku ya soko, pikipiki zimejaa daraja zima. Nilifika dirishani saa kumi na mbili na nusu. Kijana mmoja akachukua pasipoti yangu, akatazama kioo chake, akanitazama.

"Kadi yako ya kuingia iko wapi?"

"Kadi gani? Jana nimepita hapa. Juzi nimepita. Muulize mwenzako."

"Inajazwa kwa simu. Kila unapoingia unaijaza upya."

Ndipo nilipoelewa yule mama alikuwa akibonyeza nini. Nikasema nitaijaza sasa hivi, nikatoa simu yangu, na simu yangu haikuwa na mtandao wa nchi ile. Nikamtabasamia yule kijana, lile tabasamu langu la Malaba, nikamwambia boss, si unanijua. Hakunijua. Aliona mwanamke mwenye pesa kidogo, ambaye kwa siku chache ameingia mara tatu na analala mahali asipopajua hata jina la mtaa. Kwa macho yake nilikuwa nimekuja kufanya vibarua. Akaita mwenzake, wakanipeleka chumbani.

Siwezi kuwalaumu. Walinipa maji na biskuti, hakuna aliyenipigia kelele. Kiingereza nakisikia, ila cha kusema changu ni cha mayai: bei gani, trei ngapi, yaliyovunjika ni yako. Nilikiinua kikaanguka. Nilisema mwanangu, hospitali, saa mbili. Waliandika kila neno. Wakapiga simu hospitalini, wakaambiwa wangoje, wakangoja. Ukutani kulikuwa na saa kubwa na nilikuwa nimeelekezwa uso kwake. Ilipofika saa mbili nilipiga magoti sakafuni nikawalilia kama mtoto, na afande wa kike akaniinua, akanipangusa uso kwa karatasi. Saa tatu. Saa nne. Waliniachilia saa tano na nusu, na mmoja wao akanijazia ile kadi kwa mkono wake, ilimchukua dakika tano.

Nilifika wodini saa saba. Pazia la kitanda chake lilikuwa limevutwa pande zote.

Daktari alinieleza, nesi mmoja akinishika bega. Bomba lilitoka vizuri. Arnold alipumua mwenyewe. Kisha donge la damu likapanda likaziba mapafu, jambo ambalo hutokea, wakahangaika naye, saa nne kasoro akakata roho. Niliuliza kama aliteseka. Wakasema si kwa muda mrefu. Niliuliza kama alikuwa na mtu.

"Nilikuwa naye mimi," nesi akasema. "Aliongea."

"Alisema nini?"

Akamtazama daktari. "Dakika arobaini aliongea. Sauti imekwaruza, lakini aliongea bila kuacha. Haikuwa Kiingereza. Nilitoa simu itutafsirie. Faili linasema Kenya, nikaweka Kiswahili, ikashindwa. Nikaiacha itafute lugha yenyewe, ikaandika vitu visivyoeleweka. Alikuwa anauliza kitu, ananyamaza kidogo, anauliza tena. Mimi nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo. Sikujua la kufanya, mama. Pole sana."

Nilimshika mkono Arnold. Ulikuwa umeshapoa. Nilikaa naye mpaka wakaja kumchukua, na katika muda huo wote sikupata neno la kumwambia, si kwa Kiteso wala kwa lugha nyingine.

Kampuni ilimrudisha nyumbani baada ya siku kumi na mbili. Kwetu, siku ya mazishi, aliyekuwa na mgonjwa husimama mbele ya watu akaeleza safari yote ya ugonjwa mpaka pumzi ya mwisho, na marehemu aliagiza nini. Egwang aliniita pembeni mkesha wake. Huyu mtu ambaye nilimwogopa kuliko kifo cha mwanangu hakuniuliza hata senti moja.

"Sema tu alituaga," alininong'oneza. "Sema aliomba tumlee mtoto. Inatosha. Nani atajua?"

Nilikubali. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Lakini Nasimiyu alinikuta nyuma ya nyumba, mahali walipokuwa wakimenya viazi vya wageni, akaketi chini karibu yangu na kisu mkononi.

"Mama, alisema nini?"

Kumdanganya yule nilishindwa. Nikamwambia yote: godoro la dola saba, kadi, chumba chenye saa, yale maongezi ya dakika arobaini. Nikamwambia niliahidi nikaenda kulala nchi nyingine ili nimkomeshe Egwang. Nilitaka anipige. Alimenya kiazi kizima mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Hiyo simu walijaribu Kiswahili?" akauliza.

"Walijaribu."

"Ikakataa."

"Ikakataa."

Akakiweka kiazi ndani ya maji. "Mimi Arnold hajawahi niongelesha Kiteso hata siku moja. Kwa meli hakukuwa na Mteso, aliniambia. Alikuwa anasema Kiteso ni ya kuongea na mama." Akapangusa mikono kwenye leso. "Hayo yote alikuwa anakuambia wewe. Alikuwa anakuuliza wewe."

Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema polepole, kama mtu anayenipa kilicho changu, kisha akavuta kiazi kingine.