Jani la Kumwachia Vishwanath

Tangu walipotoka kwenye nyumba ya wageni, macho ya Sivakami hayakubanduka kwenye kijaluba cha tambuu cha baba yake. Kilikuwa kimefutikwa kiunoni, kwenye upindo wa shuka yake nyeupe. Vichochoro vya mji mtakatifu wa Kashi vina duka la tambuu kila kona, na kila walipopita moja, mkono wa mzee ulikigusa kijaluba kama mtu anayehakikisha mtoto wake hajapotea sokoni.

Daktari wa kwao Kumbakonam alikuwa ameona doa jeupe ndani ya shavu la mzee. Halijawa ugonjwa, alisema, lakini akizidi kutafuna tambuu na tumbaku, litakuwa. Mzee Kumaraswami alimshukuru, akatoka nje, akatafuna. Sivakami alilia, akatisha, akaficha popoo, wapi! Ila kiapo baba yake hajawahi kukivunja, na hapo ndipo lilipomjia wazo la kuja kuhiji. Mtu wa kwao akifika Kashi humwachia Mungu tunda moja, mboga moja na jani moja, asivitie tena kinywani mpaka kufa.

Na tambuu ni jani.

"Mboga nitaacha karela," mzee alisema wakiteremka ngazi za mtoni.

"Baba! Karela chungu vile hujaila kwa hiari tangu uzaliwe."

"Ndiyo maana sitahangaika kuikumbuka."

"Mungu anakuona, lakini."

"Basi alimwona na marehemu mama yako akinilisha kwa nguvu. Atanihurumia."

Kuhani alikaa chini ya mwavuli mpana, kijana mnene aliyejifunza Kitamil kwa mahujaji. Mzee alizama majini, akaibuka, akasimama mbele yake akichuruzika.

"Haya, babu, nyuma kuna watu. Tunda?"

"Fenesi."

Sivakami alishtuka. Fenesi baba yake alilipenda kwelikweli.

"Mboga?"

"Karela."

Kuhani akacheka. "Karela tena! Mungu ana shamba zima la karela kutoka kwenu. Jani?"

Mzee aliutazama mto. Sivakami alingoja, akabana vidole, akangoja.

"Tambuu!" alipayuka. "Anaacha tambuu na tumbaku!"

Kuhani akatikisa kichwa. "Dada, mdomo ni wako, kiapo ni chake. Hicho hakishiki."

"Umenisafirisha huku kote," mzee alisema polepole, "ili uniibie kiapo changu?"

Akazipanda ngazi pekupeku. Sivakami alipomaliza kukusanya ndala na taulo, umati ulikuwa umeshammeza. Kumpigia simu haikuwezekana. Simu zote mbili walikuwa wameziacha kwa mwuza maua wa mlangoni pa hekalu, maana haziruhusiwi hekaluni.

Alikimbilia kwa mwuza maua huyo. "Umemwona mzee, mama? Ana shuka nyeupe, ana kipara..."

"Wote hapa wana shuka nyeupe na vipara, mwanangu. Nunua maua uingie. Mungu wa hekalu hili, Vishwanath, atakutafutia."

Aliingia. Foleni ilimsukuma, ikamminya, kengele zikamgonga kichwani. Huku na huku alitafuta kile kipara, na mara akajikuta kizingitini. Jiwe jeusi la Mungu, maziwa, majani yaliyolowa. Alikuwa ameandaa dua ndefu ya kumwombea baba yake, lakini ulimi ulisema kitu kingine:

"Nakuachia tabia yangu ya kumsemea baba."

"Songa, dada, songa!" askari akamsukuma.

Alimkuta baba yake kwa mwuza maua, ameketi kwenye kidato cha ngazi, majivu matakatifu mapya kwenye paji la uso.

"Ndala zangu unazo?"

"Ninazo, baba."

Wakanywa chai kwenye vikombe vya udongo. Swali lilimkaa Sivakami menoni. Alilimeza pamoja na chai, likarudi, akalimeza tena. Mzee alitupa kikombe, na kama ilivyo kawaida yake baada ya chai, mkono ukaenda kiunoni. Ukapapasa upindo wa shuka. Ukapapasa upande wa pili. Kijaluba hakikuwapo, na mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda.

"Huulizi nimekiachia nani?" alisema kwa ukali.

"Siulizi, baba."

Ng'ambo ya kichochoro mwuza tambuu alikuwa akipaka chokaa kwenye jani bichi, na mzee akameza mate.

"Basi nishike mkono," alisema, "na tutembee upesi. Mji gani huu, kila kona tambuu!"

Sivakami akamshika. Wakaondoka mbiombio, wakigongana na watu.