Tuta la Munguti

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumanne ya pili ya Machi 1999, Mukonyo alifungua kibanda chake cha ushonaji kando ya barabara ya Namanga, hapo Kitengela, akafagia vumbi la saruji lililoletwa na malori, kisha akatoa cherehani nje. Jana yake alikuwa amerudi kutoka Mbooni, ambako walimzika mume wake, Munguti. Kulikuwa na suruali tatu za shule za kupunguzwa na sketi moja ya kutiwa zipu. Alipoinua macho kutafuta uzi wa buluu, aliona lami imeinuka katikati ya barabara, mahali hasa ambapo lori la kokoto lilimgonga Munguti akivuka kwenda kazini.

Lilikuwa tuta. Lami yake ilikuwa ileile ya zamani, yenye ufa uleule uliopita hapo siku zote, ila sasa ilikuwa imepanda kama blanketi iliyofunika mtu. Tuta lilikuwa limelala kukata barabara, na kila gari, litokalo Athi River au litokalo Isinya, ililazimu lipande kwa magurudumu ya upande mmoja. Magari yakapunguza mwendo. Kondakta mmoja alichungulia dirishani akauliza waliweka lini hii kitu, na dereva akamwambia aketi.

Mukonyo alingoja nafasi kati ya malori, akaenda na futi yake akalipima. Urefu ulikuwa futi tano na inchi saba. Mabega yalikuwa inchi kumi na nane, na la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, kwa sababu Munguti alibeba mawe ya machimbo kwa bega hilo miaka kumi na mmoja. Alirudi kibandani akafungua daftari la vipimo, ukurasa wa 1996, alipomshonea koti la harusi ya dada yake. Vyote vililingana isipokuwa kiuno, ambacho kilikuwa kimepungua inchi moja. Hilo pia alilijua. Munguti alikuwa amekonda tangu mwaka juzi.

Saa tatu alifika Leshan, mfugaji wa Kimaasai, na ng'ombe wake arobaini. Miaka kumi alikuwa akivusha mifugo hapo kila asubuhi kwenda malishoni upande wa pili na kuirudisha jioni. Ng'ombe walifika kwenye tuta wakasimama, wakalinusa, kisha wakazunguka upande wa kichwa, mmoja nyuma ya mwingine, bila hata mmoja kulikanyaga. Leshan aling'oa nyasi kando ya barabara akaziweka juu yake, jinsi watu wa kwao wanavyomwekea aliyezikwa njiani. Kisha akaja kibandani, akamsalimu Kimaasai.

"Supa, Mama Kalekye."

"Ipa."

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Nimempima."

Leshan aliegemea fimbo yake. Trela la magogo lilikuja kwa kasi, likaona tuta, likapiga breki kwa kishindo, likapita polepole kama linaloogopa kuamsha mtu.

"Akiwa hai hakuna mtu alimsikiliza," Leshan alisema. "Sasa ona. Hata trela inamsikiliza."

Mukonyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na sindano ikamchoma kidole.

Ofisi ya barabara ilikuja mwezi wa Aprili na greda. Iliparua tuta mpaka lami ikawa sawa. Kesho yake asubuhi tuta lilikuwa pale, kwa vipimo vilevile. Waliparua mara tatu. Mara ya nne injinia, mtu mrefu mpole aitwaye Wanjala, aliwaambia vijana wa greda wakanywe chai, akaja kuketi kwenye benchi la wateja. Kifungo cha koti lake kilikuwa kimelegea, kwa hiyo Mukonyo alikishona huku wakiongea.

"Mama, mimi nimesoma mambo ya lami," Wanjala alisema. "Lami inaweza kuvimba kwa joto. Inaweza kuvimba kwa maji. Lakini sijaona lami inavimba ikifuata bega la mtu."

"Alikuwa anabeba mawe."

"Nimeelewa. Na tangu itokee, kuna mtu amegongwa hapa?"

"Hakuna."

"Kabla yake?"

"Wanne, kwa miaka miwili. Lakini hao walikufia hospitalini."

Wanjala alitoa kalamu akaandika kwenye faili: *Tuta, moja. Haliondoki. Limesaidia.* Akapiga mstari chini ya neno la mwisho, akashukuru kwa kifungo, akaondoka na greda.

Januari ya mwaka wa 2000 mtoto wao, Kalekye, alianza darasa la kwanza. Shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi kuelekea Isinya, ng'ambo ya barabara, na lango lake lilifunguka moja kwa moja kwenye lami, chini ya mteremko ambapo malori yalishuka kwa fujo. Mukonyo alimvusha mtoto kwa mkono siku tano, na kila siku wateja walikuta kibanda kimefungwa. Siku ya sita alikwenda Kajiado, kwenye ofisi ya barabara, kuomba tuta la pale langoni.

Wanjala alimpa kiti. Alitoa fomu, akaisoma kutoka juu hadi chini, akaisoma tena.

"Mama, hapo shuleni hakuna mtu amekufa."

"Bado."

"Hiyo ndio shida. Fomu inauliza waliokufa ni wangapi. Nikiandika sufuri, inanirudia."

"Kwa hivyo tungoje?"

"Sijasema mngoje," Wanjala alisema, akiangalia meza. "Nimesema fomu."

Kesho yake saa sita, magari yalipopungua, Mukonyo alichuchumaa ukingoni mwa barabara, karibu na upande wa kichwa, akasema na mume wake. Alimweleza kwamba mtoto ameanza shule. Alimweleza habari ya mteremko, na lango lenye bati jekundu, na ile fomu. Hakumlazimisha. Munguti alikuwa mtu wa kujibu baada ya siku mbili, hata ukimuuliza kama anataka chumvi.

Baada ya siku mbili tuta lilikuwa limesogea hatua ishirini kuelekea Isinya. Lami aliyoiacha nyuma ilikuwa sawa, kama iliyopigwa pasi. Siku iliyofuata lilisogea hatua ishirini na tano. Jumapili halikusogea. Kalekye alizoea kupita kando yake asubuhi akienda shule, na jioni alimwambia mama yake mahali baba alipofika. Lilifika langoni mwisho wa Februari, likakaa huku miguu ikielekea langoni, jinsi Munguti alivyozoea kulala nyumbani miguu ikielekea mlango. Mwalimu mkuu aliagiza lichorwe mistari kwa chokaa iliyobaki ya kupaka miti. Mukonyo alirudi kufungua kibanda kwa wakati.

Majirani wote waliliona tuta likiondoka, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ni Leshan tu ambaye hakuwepo. Mvua ilikuwa imekosekana, na tangu Krismasi alikuwa amepeleka ng'ombe mbali, upande wa Ewuaso Kedong, kufuata nyasi. Alirudi mwishoni mwa Machi na ng'ombe ishirini na sita, wembamba. Alipofika barabarani alisimama akichungulia kibandani, akainua fimbo kumsalimu Mukonyo, kisha akaanza kuvusha, taratibu, kama alivyozoea mwaka mzima. Hakukimbia kwa sababu hapo hapakuwa na haja ya kukimbia. Ng'ombe wa mbele walisimama katikati ya lami wakitafuta tuta ili walizunguke.

Mukonyo alikuwa akimpima mteja mkono. Aliita. Lori lilikuwa limebeba saruji. Lilichukua ng'ombe wawili na Leshan.

Matuta yalitokea wiki ya tatu. Moja lilikuwa refu, lenye goti moja lililokunjika kidogo. Mawili yaliyokuwa kando yake yalikuwa mapana na ya juu, na madereva wa matatu walilalamika kwamba huyo mtu hana neno, lakini ng'ombe zinavunja springi.

Soipan, mke wa Leshan, alikuja na nyasi mkononi. Aliziweka juu ya lile refu, kisha akaja kuketi kwenye benchi.

"Niambie kama ni yeye," alisema. "Wewe ndio unajua kupima."

Mukonyo alikwenda akapima. Alirudi na namba: futi sita na inchi mbili. Lakini kwenye daftari hakukuwa na ukurasa wa Leshan, kwa sababu Leshan hakuwahi kushonewa kitu.

"Sina ya kulinganisha," Mukonyo alisema.

Soipan aliinuka, akaweka kiganja hewani juu ya kichwa chake mwenyewe, akakiangalia. "Alinizidi mpaka hapa. Na goti hilo lilivunjika mwaka wa tisini na mbili, dume lilimrusha. Ni yeye." Akaketi tena. "Ni wewe ulimwambia wako aende."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kalekye alianza shule."

Soipan alikunja ncha ya shuka lake, akaikunjua. "Mimi niko na wanne," alisema. "Kila mmoja anavukia mahali pake. Ningemwambia Leshan aende wapi?"

Mukonyo alimwekea chai, na Soipan akainywa yote.

Mwaka wa 2004 mji ulikuwa umekua mpaka shambani, na ofisi ya barabara iliita mkutano katika uwanja wa shule. Wanjala alikuja na mvi na ramani kubwa, akaitandaza juu ya meza mbili. Barabara ingepanuliwa. Kungekuwa na mzunguko pale njia panda, stendi ya mabasi, na mifereji ya maji ya mvua. Watu walipiga makofi. Mbithi, mwenye duka la mbolea, aliinua mkono.

"Injinia, na sisi wa miguu? Sioni matuta, sioni daraja."

"Matuta hayako kwa makadirio," Wanjala alijibu. "Hapa Kitengela tumeona yanakuja yenyewe. Wakubwa waliuliza kwa nini tujenge kitu ambacho kinakuja chenyewe. Lakini tumeyatengea nafasi."

Aliwaonyesha. Kwenye ramani kulikuwa na viduara vidogo kumi na tisa. Kando ya kimoja kulikuwa kumeandikwa Munguti, kando ya kingine Leshan na ng'ombe wawili. Kando ya vilivyobaki kulikuwa na mstari wa nukta, mahali pa kuandika jina. Watu waliinamia meza kutafuta vya karibu na kwao. Mzee mmoja aliuliza kama cha kanisani kinaweza kusogezwa mbele kidogo, na karani akaandika ombi lake. Mukonyo alipata kimoja kwenye kona ambapo Kalekye, sasa wa darasa la tano, alitumwa maziwa kila jioni. Aliomba kifutio. Karani alimwambia ramani ni ya wino.

Jioni hiyo Mukonyo alimsimamisha Kalekye kwenye mlango wa kibanda akampima: urefu, mabega, kiuno, mguu. Aliandika kwenye ukurasa mpya, akatia tarehe. Asubuhi Soipan alileta wanne wake. Aliwapanga kwa ukubwa. Kufikia Jumamosi foleni ya akina mama na watoto ilikuwa imefika kwa fundi wa baiskeli, na Mukonyo akalazimika kununua daftari la pili. Alipima kwa uangalifu, akaandika pia nani anaegemea upande gani, nani alivunjika mkono, nani hulala amejikunja.

Jumatatu gari la ofisi lilisimama mbele ya kibanda. Wanjala alishuka, akangoja kwenye foleni nyuma ya mama mwenye mapacha. Zamu yake ilipofika alivua koti akalikunja juu ya benchi.

"Kazi ikianza nitakuwa navuka hapo kwa mzunguko kila siku," alisema. "Nikienda kula."

"Urefu peke yake, ama na mabega?" Mukonyo aliuliza.

"Na mabega," injinia alisema, akainua mikono.