Nguzo ya Ghala la Tuginay

Pugong alimwona Jerwin akiteremka kwenye matuta ya mpunga, akasonya. Kijana alikuwa amepiga ubinda mwekundu juu ya kaptura, miguuni ana viatu vya mbio, na kifua chake kizima kimejaa michoro ya wino aliyochorwa huko Kalifornia. Mababu wa bonde lile walichorwa vifua baada ya kurudi vitani. Huyu alichorwa baada ya kupokea mshahara, tena akiwa amekodoa macho kwenye simu ili maumivu yasimsumbue.

Jerwin alipelekwa huko mgongoni akiwa mtoto mdogo, mama yake alipoondoka kwenda kuwalea wazee wa watu ng'ambo. Sasa amekuwa mtu mzima na ana wenzake huko, wanakutana ukumbini Jumapili, wanapiga upatu wa shaba na kulia kwamba hawajijui ni nani. Pugong aliposimuliwa habari hiyo alicheka mpaka tambuu ikampalia. Yeye alijijua vizuri. Alikuwa mchongaji, na alichonga bulul, zile sanamu za mlinzi wa mpunga aliyechuchumaa, mikono juu ya magoti, akazipanga kando ya barabara kama viazi.

"Mjomba, mimi nataka ya kweli," Jerwin alimwambia, akimwita hivyo kwa heshima tu, maana hawakuwa ndugu. "Siyo ya watalii."

"Ya watalii ningekuuzia kule barabarani, mwanangu. Hii hajawahi kuiona mtu. Ilikaa kwenye ghala la bibi yako."

Uongo mtupu, na hata haya hakuona. Bulul ile aliichonga msimu ule ule, akaipaka mafuta ya nguruwe, akaitundika juu ya jiko ishike masizi, akaifukia kwenye tope la zizi, kisha akaifukua ikiwa imezeeka kuliko yeye. Ila safari hii alitaka mti mkongwe wa kweli, na uvivu ukamwonyesha pa kuupata. Ghala la marehemu baba yake, mzee Tuginay, lilikuwa limeanguka kwa tufani na nguzo moja imebaki imelala kwenye nyasi. Nguzo hiyo ndiyo iliyopakwa damu kila mavuno, na mbele yake ndipo majina ya wazee waliokufa yalipoitwa wapewe pombe ya mchele. Pugong akaikata.

Mkewe Ofelia alimwonya. Alimwambia wazee wako wamo humo, ukiwatoa humo watakaa wapi? Pugong akamjibu kwamba wazee hawanywi tena, mnywaji amebaki yeye, na akaendelea kupiga patasi.

Basi Jerwin akaikumbatia ile sanamu kama mtoto mchanga, machozi yanamtoka. Pugong akageuka upande ili asicheke usoni pake. Lakini kijana hakutaka kuondoka nayo hivi hivi. Alisema lazima ifanyiwe ibada kamili, nguruwe, kuku na pombe, ndipo apande ndege. Pugong akafurahi zaidi, maana mjinga amelipa na sasa anataka kuwalisha nyama.

Kuhani wa jadi, Hangdaan, alikuja kesho yake asubuhi, akinung'unika kwamba nguruwe ni mdogo. Alikaa ukumbini pa nyumba ya Pugong, akaikagua ile sanamu, akaunusa mti, akamtazama mchongaji kwa jicho moja.

"Mti huu ni wa nani? Nimwite nani kwanza?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Pugong alijua kabisa sheria ya ibada ile: wazee wenye mti wasipotajwa, kuhani huwaachia mlango wazi, wapate kula chakula walichowekewa na wamfuate aliyewalisha. Lakini akisema ni nguzo ya baba, uongo wake wote unaanguka mbele ya yule punguani mwenye kaptura. Na kwani yeye anaamini mambo hayo? Akatema tambuu, akasema hajui, mti wa zamani tu.

Ofelia alimtazama, akaingia ndani.

Nguruwe akachinjwa, damu ikapakwa kwenye sanamu. Jerwin akaimiminia pombe kwa mikono yote miwili, taratibu, akiiambia samahani kwa kuchelewa. Hangdaan akaimba mpaka sauti ikakauka, kisha akampasua kuku na kuitazama nyongo. Ilikuwa imejaa, nyeusi, imelala sawasawa.

"Wamekubali kwenda," akasema. "Hata hawakusita."

Pugong akainama juu ya ile nyongo. Akasema kuku yule alikuwa mgonjwa, achinjwe mwingine. Akachinjwa mwingine, na nyongo ikawa ile ile.

"Unataka wakuandikie?" Hangdaan akamuuliza.

"Hiyo ni nguzo ya baba," Pugong akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu aliyecheka kwa wiki nzima.

Kuhani akaacha kutafuna tambuu. "Nilikuuliza. Na baba yako alikunywa kwako mara ya mwisho lini?"

Ofelia ndiye aliyejibu kutoka mlangoni: "Siku tuliyomzika."

Jerwin akaelewa. Hakutukana, wala hakudai pesa zake. Aliinyanyua bulul akamnyooshea Pugong, akamwambia mjomba, kama ni baba yako, mchukue.

Pugong alikwisha kunyoosha mikono. Hangdaan akaishusha mikono hiyo. Alisema sanamu si ya huyu kutoa wala ya yule kupokea, wazee wenyewe wamekwisha kula na kuchagua.

"Basi nipe majina yao, mjomba," Jerwin akasema. "Nitawaitaje nikiwamiminia?"

Pugong akamtaja Tuginay. Akamtaja Lupaih, babu. Akafungua kinywa kwa jina la tatu na hakuna kilichotoka. Alitazama chini, bwana aliyejijua vizuri, mpaka Hangdaan akamtajia yaliyobaki.

Jerwin akayarudia yote, akiyavunja vunja kwa ulimi wake wa ng'ambo. Hakuna aliyecheka. Pugong akamsahihisha jina la baba yake, kijana akalikosea, akamsahihisha tena, na safari hii akalipata.