Pekupeku Kanisani

Siku hiyo mwalimu wa dini aliwatembeza wanafunzi wake msikitini, kisha hekaluni, na kote huko viatu vilibaki nje. Basi walipofika kanisani, binti mmoja mrefu ambaye wenzake walimwita Twiga alivua vyake bila kufikiri, akaingia pekupeku. Hakugutuka mpaka alipofika katikati, akasikia viatu vya wenzake vikigonga sakafu na vicheko vikimfuata nyuma. Uso ukamshuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipanga maua karibu na madhabahu, alimtazama miguu, kisha akawatazama wale wachekaji kwa jicho kali. Aliketi kwenye benchi, akavua viatu vyake, akavisukuma pembeni.

"Sakafu ina baridi kweli, mwanangu," alisema. "Haya, njoo unishikie maua."

Wakayapanga pamoja mpaka mwalimu alipoita. Wakati wa kuaga ndipo Twiga alipokumbuka kwamba kwa aibu zake hata hakumwamkia.

"Shikamoo, mama," alisema, na shukrani zake zote zilikuwa humo.

"Marahaba," alijibu yule mama, bado yuko pekupeku.