Neno Lisilotajwa Nyumbani

Kanuni ya mchezo ule wa televisheni ilikuwa fupi: anayeeleza asilitaje neno, na anayekisia alitaje lenyewe, si jirani yake. Nosakhele alieleza maneno harakaharaka, na studio nzima ya Johannesburg ikamshangilia. Wangejua! Ukiolewa na Waxhosa wa kwao, jina la baba mkwe hulitaji, wala neno lolote linalofanana nalo, hata awe kaburini. Mwanamke huyu alikuwa na miaka chungu nzima ya mazoezi, tena bila malipo.

Ikabaki raundi ya mwisho, na hapo wachezaji hubadilishana zamu: wifi yake Zukiswa aeleze, yeye akisie. Zawadi ilikuwa pikapu nyekundu, imeegeshwa palepale jukwaani. Nosakhele aliitaka kuliko kitu chochote. Gari aliloachiwa na marehemu mumewe lilifungiwa na mama mkwe hata matanga hayajaanuliwa, na tangu siku hiyo beseni la magwinya, maandazi ya kwao, ya kuuza alilibeba kichwani mpaka mjini Cofimvaba, na kila atokapo sharti aombe ruhusa.

Mama mkwe mwenyewe, MaDlomo, alikaa safu ya mbele na shali lake mabegani. Alikuja kulinda heshima ya nyumba.

Zukiswa akasoma neno kwenye skrini yake, akasita.

"Wifi! Inatoka mawinguni! Inajaza matangi!"

Nosakhele akajua papo hapo. Ni mvua, ambayo kwa lugha yao ni mvula. Na Mvula ndilo jina la baba mkwe.

"Kiloweshi!" akajibu, kwa neno wanalolitumia wake wa ukoo ule.

"Siyo," mtangazaji akasema. "Neno lenyewe, mama. Saa inakimbia."

"Sema, wifi! Mbona mimi nalitaja kila siku, na mdomo wangu haujaoza?"

Kweli tupu. Mabinti wa nyumba hawakatazwi kitu. Wanaofungwa midomo ni wageni walioolewa. MaDlomo akanyanyua kidole.

"Nosakhele! Thubutu!"

Nosakhele akakitazama kile kidole, kilekile kilichozungusha ufunguo wa gari la mumewe. Akachoka nacho. Akachoka kabisa.

"Mvula!" akapaza sauti. "Mvula! Mvula!"

Mara moja ingetosha kushinda. Hizo nyingine alijisemea mwenyewe.

Kengele ikalia, watu wakaruka vitini. MaDlomo akasimama kwa hasira.

"Umelitaja jina la mume wangu mbele ya watu wote! Huna haya?"

"Na langu, mama? Nalo umekatazwa kulitaja?"

"Lako si Nosakhele?"

"Hilo mlinipachika siku ya harusi. Mimi nilikuja na jina langu, nililopewa na baba yangu. Haya, zamu yako. Kisia."

MaDlomo akafungua mdomo. Akamtazama Zukiswa, Zukiswa akatazama viatu vyake. Hata mtangazaji akasahau kupisha matangazo.

"Muda umekwisha, mama." Mshindi akachukua funguo mkononi mwa mtangazaji. "Naitwa Phumeza. Atakayetaka kupanda gari langu ataniita hivyo."